Saikati ing'arishwe, lakini isipakwe poda

Ukiwa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, Saikati si mgeni kwako. Ni filamu ya Anne Mungai ya mwaka 1992, kuhusu msichana wa Kimaasai anayetoroka ndoa ya kulazimishwa ili aendelee na masomo. Shida ni nakala. Niliyowekewa mimi kwenye flashi ilikuwa na ukungu, sauti inakwaruza, nyuso huzioni.

Wanaokusanya filamu za kitambo wanabishana: ikikarabatiwa, ing'arishwe hadi wapi? Kuna wanaotaka picha nyororo kama ya simu mpya. Wengine wanasema zile chembechembe ndizo filamu yenyewe. Zifute kwa kompyuta uone vile nyuso zitageuka sanamu za nta. Mimi niko na hawa wa pili.

Lakini usikimbilie 4K bado. Uliza kwanza ukanda asilia uko wapi, na uko hali gani. Kanda ya video ya nyumbani haina kilichopotea, hata uisafishe vipi. Na kazi yenyewe si mchezo: filamu ya dakika 90 ina picha kama 130,000, kila moja huskaniwa. Touki Bouki ya Senegal, ya 1973, ilikarabatiwa 2008, baadaye ikauzwa kwa diski ughaibuni.

Hapo ndipo penye utata kwetu. Diski ya Saikati ikitoka leo kwa bei inayomeza vibarua vya siku kadhaa vya kuchuma chai, wewe utainunua? Mimi nitarudi kwa yule jamaa wa flashi.