Kiti cha Nyuma na Magunia ya Vitunguu



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, alinifuata ndugu mmoja muuza mboga. Huyu huwahi Kongowea kabla ya Alfajiri, akapakia vitunguu na nyanya katika Probox yake. Fundi amemshauri aking'oe kabisa kiti cha nyuma na kutandika mbao, ili magunia yaongezeke. Mkewe amekataa katakata, kwani Ijumaa na siku za harusi gari hilo hilo ndilo huwabeba wanawe watatu. "Watakaa juu ya mkeka," ndiyo hoja ya mume. Akataka kujua iwapo dini ina neno hapa.

Ina neno, tena si moja.

Kiti cha nyuma si cha kukalia tu. Mgongo wake ni ukuta baina ya mzigo na visogo vya walio mbele. Gari likienda kilomita 60 kwa saa kisha likafunga breki ghafla, gunia halina breki. Litaendelea mbele kwa mwendo ule ule hadi likutane na cha kulizuia. Mimi mwenyewe nilipata kubeba madumu ya maji bila kuyafunga. Punda akakatiza njia, na dumu moja likanijia kiwikoni. Nikahimidi kwamba halikuwa mfuko wa saruji.

Wapo watakaosema: tawakkal, Sheikh. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, naye akaelekezwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Sioni tofauti kubwa baina ya ngamia yule na gunia la vitunguu.

Na wanazuoni wetu hawakuliacha suala la uzito. Imamu Nawawi katika Minhaj anaeleza kwamba aliyekodi mnyama kwa mzigo wa mia, akampakia mia na kumi, atalipa ujira wa ile ziada. Na mnyama akifa kwa sababu hiyo ilhali mwenyewe hayupo, atadhamini. Mwenye kuazima gari la shemeji yake na alitafakari hilo. Probox ya mizigo iliundwa Japani kubeba kilo 400 wakiwamo watu wawili, na kilo 250 wakiwa watano. Kung'oa kiti kunaongeza nafasi. Hakuongezi nguvu za springi wala za breki.

Nilichomwambia ni hiki. Kiti hicho hulala kikawa tambarare, basi akilaze, asiking'oe. Fundi wa kuchomelea amtengenezee wavu wa chuma nyuma ya viti vya mbele, na kulabu zishikwe kwenye bodi la gari, si kwenye mbao. Kizito kikae chini, karibu na wavu, na mzigo usizibe kioo cha nyuma. Upepo wa matairi aufuate ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha kiwanda. Tena aende kwa watu wa bima kabla ya kubeba mali ya biashara kwa gari lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani. Huo ni mkataba, na kumficha mwenzako katika mkataba mwajua hukumu yake.

Ama habari ya mkeka, hapo sikumlegezea. Mtoto asiye na kiti hana mkanda, na asiye na mkanda ni kama lile dumu langu. Wana ni amana, na mama yao amesema kweli.

Ijumaa niliwaona wakishuka mbele ya msikiti. Kiti kilikuwa kimesimamishwa, harufu ya vitunguu ingalipo, na watoto wote watatu walikuwa wakihangaika kujifungua mikanda.