Leseni Ikishatolewa, Nani Hurudi Kukagua?

Ukitoka Mombasa ukashika njia ya Kikambala na Kilifi hadi Watamu, au ukapita Dongo Kundu ukatokea Tiwi na Diani, utaona ploti zilizozungushiwa mabati kila upande. Ndani ya mabati hayo yanainuka majumba ya likizo, nyumba za ghorofa za kuuza na vyumba vya kupangisha. Barabara zimefunguka, bei ya ardhi imepanda, na mwenye shamba la minazi karibu na bahari sasa hapumui kwa madalali.

Sinung'unikii ujenzi. Fundi wa Ukunda apata riziki, mwenye lori la kokoto apata, na mama anayewapikia vibarua apata. Watu wataka mahali pa kulala, na vijana wetu wataka kazi. Lakini mwambao huu una wakazi wengine wasio na hati ya ardhi: kasa anayepanda ufuoni usiku kutaga mayai, na mbega anayepita juu kwa juu kwenye miti ya Diani. Sheria za nchi zimewapa ulinzi. Hoja yangu leo ni kwamba karibu nguvu zetu zote za ukaguzi tumeziweka mwanzoni, kwenye makaratasi, nazo huisha siku leseni inapotolewa. Madhara makubwa huanza baada ya siku hiyo.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani hatuna. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999 yasema mradi ulio katika orodha yake hauwezi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA. Kanuni za 2003 zataka tathmini hiyo iangalie, pamoja na mengine, athari kwa idadi ya wanyamapori, aina zao na kuzaana kwao. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 yalinda viumbe walio hatarini, na KWS ndiyo msimamizi. Kisha iko Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, inayoipa kaunti uwezo wa kukubali au kukataa ombi la kujenga, na kumtaka mwombaji autangazie umma anachotaka kufanya. Juu ya zote iko Katiba, ambayo katika kifungu cha 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kwa karatasi, hatuna upungufu.

Upungufu uko katika namna karatasi hizo zinavyotumika. Mtaalamu anayeandika ripoti ya tathmini amesajiliwa na NEMA, lakini mlipaji wake ni mwenye mradi. Sisemi wataalamu wote ni waongo. Wapo waaminifu, na wapo waliowaambia matajiri wao wasogeze ukuta nyuma. Lakini mtu akilipwa ili mradi upite, ni vigumu kutarajia aandike kwamba usipite. Ndiyo maana sheria ikaweka maoni ya umma, ili awepo mtu mwingine asiyelipwa na mwenye mradi.

Na maoni hayo tunayatoaje? Nimekaa katika vikao kadhaa vya aina hiyo. Viti vya plastiki chini ya mwembe, mchoro wa nyumba umebandikwa ubaoni, maelezo kwa Kiingereza chenye Kiswahili cha hapa na pale. Mzee mmoja auliza kuhusu njia ya kwenda ufuoni, ajibiwa litaangaliwa. Kijana auliza kuhusu kazi, ajibiwa zitakuwepo. Soda zagawanywa, karatasi ya mahudhurio yapitishwa, kila mtu aweka sahihi. Baadaye karatasi ile ile hubandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba wenyeji walishauriwa. Kuhusu kasa au mbega, hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna aliyeelezwa.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Mwezi wa Juni 2019, jopo la rufaa za mazingira, NET, lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Ule ulikuwa mradi wa umeme na huu ni wa nyumba, lakini sheria ni ile ile. Kikao kisichowaeleza watu jambo linalowahusu kinaweza kuangusha leseni.

Sasa tuje kwa wanyama wenyewe, kwa sababu ukijua maisha yao utaona ni wapi ukaguzi wa mwanzoni unaposhindwa.

Kasa jike hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa, akiwa amechukua zaidi ya miaka 20 kukomaa. Huchimba mchanga usiku, huacha mayai 100 au zaidi, hufukia na kurudi majini. Baada ya miezi miwili hivi vitoto hutoka, navyo huelekea penye mwangaza zaidi. Tangu zamani mwangaza huo ulikuwa wa bahari, inayong'aa chini ya mbingu. Leo huwa ni taa ya bustani ya nyumba ya likizo. Vitoto hugeuka, hupanda kuelekea ukutani, na asubuhi jua na kunguru huvimaliza. Ukuta nao ukisimamishwa karibu mno na maji hurudisha mawimbi kwa nguvu, mchanga ukachukuliwa, na kasa akakosa pa kuchimba. Mvuvi naye hukosa pa kuvutia mashua.

Angalia basi: ripoti ya tathmini haiwezi kuona taa ambayo haijafungwa. Inaweza kuandika tu kwamba taa zitakuwa za chini, zenye kifuniko, zisizotazama bahari. Sentensi hiyo huingia katika masharti ya leseni, leseni hutiwa ndani ya faili, nyumba huuzwa kwa mtu wa tatu ambaye hajawahi kuiona faili hiyo. Mnunuzi ataka bustani yake ing'ae usiku. Mlinzi aambiwa awashe taa zote kwa usalama. Hakuna aliyekusudia kuua kasa, na sharti limekwisha vunjwa.

Mbega wa Diani naye ni kisa kingine. Chakula chake kikubwa ni majani, na njia zake ni matawi. Mti mmoja mkubwa wa kienyeji ukiangushwa, njia hukatika. Hapo mbega ana mambo mawili: ashuke chini avuke barabara penye magari na mbwa, au ashike waya wa umeme. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama hao wavuke. Ni kazi njema, lakini daraja la kamba halina majani ya kula. Linaunganisha msitu na msitu, na msitu ukiisha halina la kuunganisha.

Hapa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa utaratibu wetu. Kila ploti hukaguliwa peke yake. Ripoti ya ploti ya kwanza yasema miti minne itakatwa, athari ni ndogo. Ya pili yasema mitano, athari ni ndogo. Ya kumi yasema vivyo hivyo, na kila moja yasema kweli. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hakuna aliyeshika kibaba akakitazama kikijaa. Zaidi ya hayo, katika kupanga daraja la hatari la miradi ya makazi, kigezo kimoja kikubwa ni wingi wa nyumba. Nyumba chache mahali kasa anapotaga zinaweza kuumiza kuliko nyumba nyingi mahali palipokuwa shamba la mkonge. Ulipopendekezwa mnara wa ghorofa 61 pale Watamu, kelele zilisikika hadi ng'ambo. Nyumba ndogo ndogo zinazopangana ufuoni hazipigiwi kelele na mtu.

Dawa yake imo sheriani tayari. Tangu marekebisho ya 2015, sheria ya mazingira yataka mipango yenyewe ifanyiwe tathmini, si mradi mmoja mmoja tu. Kaunti za Kwale na Kilifi zikichora ramani ya fuo wanakotaga kasa na misitu wanakopita mbega, kisha zikaifanya ramani hiyo sehemu ya mpango wa matumizi ya ardhi, afisa anayepokea ombi la kujenga hatahitaji kungoja ripoti ya mwenye mradi. Ataweka kidole kwenye ramani na kuona. Mwekezaji naye atajua kabla ya kununua, asije akadai kwamba alipotezewa pesa.

Najua jibu litakalokuja: wanyama wapendwa kuliko watu. Wapwani wana sababu ya kusema hivyo. Wengi wameuona uhifadhi kama mkono unaokuja kuwafungia msitu na bahari. Lakini tazama sheria inavyomwangukia mtu na mtu. Mvuvi akikutwa na nyama ya kasa hukamatwa siku hiyo hiyo, na hakuna atakayemsikiliza akisema ana njaa. Mwenye jumba anayewasha mataa ufuoni usiku kucha, msimu hadi msimu, huletewa kijikaratasi cha kumwomba azime. Kasa wanaopotea ni wale wale. Kukagua nyumba za ufuoni, basi, ni kumtaka mwenye nacho afuate sheria ambayo asiye nacho amekuwa akiifuata kwa kuogopa pingu. Hakuna mnyama anayependelewa hapo.

Nini kifanyike? Kaunti isitoe cheti cha kuruhusu watu kuhamia nyumba ya ufuoni kabla afisa hajafika hapo usiku, taa zote zikiwa zimewashwa, akasimama mchangani na kutazama. Masharti ya leseni yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa mradi, mistari mitano au sita tu, ili hata mlinzi na fundi wayajue. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi apewe masharti hayo pamoja na hati zake. Na ripoti za ukaguzi wa mazingira ambazo sheria yataka zifanywe mradi ukishaanza kazi, zisomwe, zisiwekwe kabatini.

Sisi wenyeji nasi tuna sehemu yetu. Ukiona mabati yamezungushwa, tafuta ubao wa mradi na uandike namba ya leseni ya NEMA. Nenda ofisi yao ya kaunti uombe kuona masharti. Wakikuzungusha, peleka ombi kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ukitaka kupinga leseni mbele ya jopo la NET, muda ni siku 60, kwa hivyo usingoje ghorofa ya tatu. Na muda huo ukipita, kifungu cha 70 cha Katiba chakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Kasa hawezi kushtaki, lakini Katiba imekuruhusu wewe umshtakie.

Wavuvi na kamati zao za ufuoni waweza kufanya jambo rahisi zaidi. Wao ndio walio nje usiku. Wakiandika tarehe, mahali na nyumba yenye taa zinazomulika mchanga, na kupiga picha, watakuwa na ushahidi ambao afisa anayefika mchana kwa gari la serikali hataupata kamwe. Ushahidi huo ukipelekwa NEMA, KWS na kaunti kwa pamoja, kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, ni vigumu kuutupa.

Nyumba zitajengwa, na nyingine tutazijenga sisi wenyewe. Tunachodai ni kwamba aliyeahidi kuacha miti aonekane ameiacha, na aliyeahidi kufunika taa aonekane amezifunika. Ahadi hizo ndizo zilizompatia leseni. Asipozitimiza, sheria yaruhusu leseni hiyo ifutwe, na ofisi iliyoitoa isione haya kufanya hivyo.