Bega la Askari Lisipuuzwe

Askari aangukaye akajikinga kwa mkono, kisha akashindwa kuuinua, mara nyingi huambiwa kwamba ameteguka kidogo tu na kwamba mazoezi yatamponya. Wapo hata wanaoambiwa kuwa wanajisingizia ugonjwa ili wakwepe lindo. Kauli hizo ni za hatari.

Bega hushikwa na misuli minne itokayo kwenye mfupa bapa wa mgongoni, ambayo kano zake hulifunika fupa la mkono kama bereti ifunikavyo kichwa. Anguko, mvutano na mtu anayekamatwa, au miaka mingi ya kuinua mizigo mizito huweza kuichana kano mojawapo. Dalili zake ni maumivu yamwamshayo mtu usiku alaliapo upande ule, na udhaifu wa mkono uinuliwapo kando. Tabibu akiuinua yeye, mkono hupanda. Akimwambia mgonjwa aushikilie peke yake, huanguka. Hapo eksirei haitoshi, maana huonyesha mifupa, wala si kano. Yatakiwa ultrasaundi au picha ya MRI.

Si kila bega lipasuliwe. Kano iliyochakaa polepole mara nyingi hutulia kwa mazoezi ya viungo ya miezi kama 3. Lakini kano ya kijana iliyokatika kabisa kwa ajali ni jambo jingine: msuli huivuta nyuma, kisha msuli wenyewe huanza kugeuka mafuta, nayo mafuta hayo kwa kawaida hayarudi kuwa nyama. Ndiyo maana wiki zina thamani. Upasuaji huu nao si mgeni. Ernest Codman aliufanya mjini Boston, Marekani, mwaka 1909. Kano hushonewa mfupani, siku hizi aghalabu kwa kamera na matundu madogo.

Hospitali ya Jeshi ya Kanombe iko hapa hapa Kigali, na bima ya MMI ipo kwa ajili ya wanajeshi na polisi. Basi kinachopasa kurekebishwa kwanza ni desturi ya vikosini. Baada ya kushonwa, mkono hutundikwa shingoni kwa wiki 4 hadi 6, na kazi nzito huruhusiwa baada ya miezi kadhaa, aghalabu 4 hadi 6. Kamanda amrudishaye askari kwenye kupanda kamba katika mwezi wa pili anahatarisha kuikata upya kano iliyoshonwa kwa gharama kubwa. Cheti cha daktari kitiiwe kama amri, naye majeruhi apewe kazi ya redio au ya daftari bila kudhihakiwa.