Pikipiki isiyouliza bei ya esansi

Wiki hii tunaacha kidogo habari za mbegu za maharagwe, kwa sababu katika mkutano uliopita swali moja lilikula saa nzima. Mama mmoja alikuwa amerudi kumtembelea binti yake Kigali. Akatuambia kwamba kule kuna pikipiki hazina kelele, hazina moshi, na motari wake haulizi bei ya esansi. Wengi tulicheka. Mama anayeuza vitunguu hakucheka. Aliuliza: "Sisi itatufikia lini? Maana nauli inanimaliza."

Esansi yetu inatoka baharini, Mombasa ama Dar es Salaam. Inavuka nchi za majirani, inaingia Goma ndani ya malori ya tangi, kisha inapanda kutoka Sake kwenda vilima vya Masisi ndani ya bido. Kila inapopita kuna mtu ananyoosha mkono. Ikifika kwa kadafi wa kijijini, ndani ya chupa, imekwisha kulipia safari ndefu kuliko ambayo wengi wetu tumewahi kufanya. Kwa wenzetu wa Walikale ni vigumu zaidi: barabara ikikatika, bidhaa zinakuja na ndege ndogo zinazotua juu ya barabara kule Kilambo. Kwa hiyo hata mama asiyepanda pikipiki hata siku moja analipa esansi. Anailipa ndani ya chumvi na sabuni.

Na kuna siku inalipwa kwa namna nyingine. Mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu usiku. Motari tulimpata, pikipiki tuliipata, esansi haikuwepo. Tuligonga milango mitatu kabla ya kupata chupa moja, kwa bei mara mbili, na pesa ilitoka kwenye sanduku la AVEC. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya mvua, kituo cha afya kikiwa bado mbali. Yuko mzima na mama yake pia, tunamshukuru Mungu. Lakini wengine wetu bado tunaifikiria ile saa tuliyopoteza milangoni.

Basi tulitafuta kujua majirani walifanyaje. Pikipiki za umeme hazikuja Kigali kwa upepo. Mwaka 2021 serikali ya Rwanda iliondoa ushuru wa forodha na kodi kwa magari na pikipiki za umeme, kwa betri na vipuri vyake, na ikaweka bei ya chini ya umeme wa kuzichaji. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria ndani ya Kigali haiandikishwi kama si ya umeme; zile za zamani hazikunyang'anywa. Na motari hakai akisubiri betri ijae. Anafika kituoni, anaacha iliyokwisha, anapewa iliyojaa, kama sisi tunavyorudisha kasiye ya chupa tupu na kuchukua nyingine.

Kenya ilipunguza nusu ya ushuru wa magari ya umeme mwaka 2019, kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia: shilingi 16 kwa uniti moja, na 8 katika saa ambazo watu wengi wamelala. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa 2024 ilikataza kuingiza magari madogo ya esansi na mazutu, kwa sababu dola za kununulia mafuta zilikuwa zinakosekana wakati maji ya kuzalisha umeme inayo ndani ya nchi.

Na Kongo? Sisi tumeingia katika jambo hili kwa mlango wa madini. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza vitu vya betri hapa hapa Afrika. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ili bei ipande, na kuanzia Oktoba mwaka ule ikaruhusu tena kwa kipimo maalumu.

Hapa tusahihishe kitu kinachosemwa sana sokoni, kwamba betri za magari hayo zinatoka Rubaya. Hapana. Kobalti inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Koltani ya Rubaya inatoa tantali, inayotumika katika vifaa vidogo vya kielektroniki, na kasiterite ya Bisie inatoa bati la kuunganishia nyaya na vyombo. Vyote viwili vinaingia ndani ya simu, kompyuta na magari hayo. Yaani kuna kipande chetu ndani, lakini si betri. Rubaya udongo umefunika vijana wetu zaidi ya mara moja, na wale wa zamani wa Walikale wanakumbuka magunia ya Bisie yaliyobebwa mgongoni kupita msituni hadi Njingala. Miaka yote hiyo hakuna gari lililokuja kusaidia, la umeme wala la esansi.

Tupige sasa hesabu ya wamama. Betri ya pikipiki ya kazi inabeba karibu wati 2,500 za saa moja. Paneli ya jua ya wati 100, ambayo kwetu tayari ni paneli ya tajiri, kwa saa nne za jua zuri inatoa 400. Kujaza betri moja ni zaidi ya siku sita! Na hiyo ni bila taa ya nyumba, bila simu, na bila wingu, na sisi tunajua mawingu ya Masisi. Betri hiyo ikishapanda vilima na abiria wawili na gunia la viazi haitafika mbali kama inavyofika kwenye lami ya Kigali.

Kwa hiyo tunasema wazi, hata kama kuna watakaotukasirikia: akija mtu na karatasi nzuri akitaka kikundi kitoe akiba kununua pikipiki ya umeme leo, tusiharakishe. Tumuulize itachajiwa wapi, nani atatengeneza betri ikifa, na ikiibiwa njiani nani atalipa. Wengi wetu tumehama zaidi ya mara moja. Kitu kisichobebeka tunakijua bei yake. Na sheria inayoandikwa Kinshasa leo haifiki kila kijiji chetu, hilo hatuhitaji kulichambua hapa.

Lakini hatusemi tusahau. Mito tunayo. Kiwanda cha Matebe kule Rutshuru kinatoa umeme kwa maji ya mto tangu Desemba 2015, kama megawati 13, na nyaya zake zilifika mpaka Goma. Maji ya Masisi na ya Walikale hayana uvivu kuliko yale. Umeme wa mto ukifika, tunataka uanze kwenye materinite na kwenye mashine ya kusaga, kisha pikipiki ya kituo cha afya, ile ya kubeba mama usiku. Gari la mkubwa linaweza kusubiri.

Tena tusijidharau sana kuhusu magari yasiyokunywa esansi. Chukudu inashuka kutoka vilimani na viazi, kabichi na makala tangu wazazi wetu wakiwa vijana, na Goma wameijengea sanamu barabarani. Lakini chukudu ni ya wanaume. Gari la mama bado ni kamba kwenye paji la uso na mzigo mgongoni, na mama yule anadaiwa pesa kwenye bariyeri kama mwenye Fuso. Kama kuna mkubwa anayetaka kuondoa kodi kwa chombo kisichotoa moshi, aanze na huyo.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kije na mambo mawili: bei ya chupa ya esansi kijijini kwake wiki hii, na nauli ya usiku mpaka kituo cha afya. Tutayaandika pamoja kijiji kwa kijiji, halafu tuyapeleke kwa wakubwa wa afya. Na tuamue pia kama sanduku la AVEC linunue bido moja ya esansi ya wajawazito, ifungiwe kwa mama ambaye wamotari hawamzoei.