Upande wa Pili wa Santuri
Kundi la KISS lilisifika kwa nyuso za rangi, moto jukwaani na magitaa ya kupasua masikio. Mwaka 1976 likatoa santuri ndogo: upande wa mbele “Detroit Rock City”, nyuma “Beth”, wimbo wa taratibu ulioimbwa na mpiga drams, Peter Criss. Mtayarishaji Bob Ezrin aliupamba kwa piano na okestra, na wenzake Criss watatu hawakupiga chombo chochote humo (ajabu ya kundi la roki!). Watangazaji wa redio Marekani wakaigeuza santuri. Wimbo uliotegemewa haukufua dafu, ilhali “Beth” ulipanda hadi nafasi ya 7 kwenye chati ya Billboard. Kampuni ya rekodi ya kundi hilo iliitoa upya santuri ileile, safari hii “Beth” ukiwa mbele.