Mwenzetu Anayesahau Upande wa Kushoto Si Mvivu



Katika viwanda vya maziwa vya Mbarara, katika mashamba ya chai ya Bushenyi na migomba ya Isingiro, sote tunajua kumtambua mwenzetu aliyepatwa na kiharusi. Mkono umelegea, mguu unaburuta, mdomo umepinda. Hayo tunayaona na tunampa pole. Lakini liko dhara jingine la kiharusi ambalo halionekani kwa macho, na kwa sababu halionekani linawapatia wenzetu majina mabaya: mvivu, mkaidi, mlevi, aliyerogwa. Leo tunataka kulisema waziwazi, maana wenzetu wanapoteza kazi na heshima kwa ajili yake.

Dhara lenyewe ni hili. Mtu anakula posho na maharage ya upande wa kulia wa sahani, anaacha yaliyo upande wa kushoto, kisha analalamika kwamba amepunjwa. Ananyoa shavu moja. Anavaa mkono mmoja wa shati, na mwingine unaning'inia. Akipita mlangoni anagonga bega la kushoto. Ukimwita kutoka kushoto kwake hajibu, au anageuka kukutafuta kulia. Nyumbani mke anadhani amechukiwa. Kazini nyapara anadhani mtu huyu anajifanya.

Hajifanyi. Hali hii hutokea zaidi kiharusi kinapoharibu upande wa kulia wa ubongo, ndipo mgonjwa anapousahau upande wa kushoto. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa. Ni ubongo ulioacha kuuhesabu upande ule. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Italia, Bisiach na Luzzatti, walieleza jambo la ajabu. Wagonjwa wa mji wa Milan waliambiwa wafikirie wamesimama mahali fulani katika uwanja mkuu wa mji wao, wataje majengo. Wakataja ya kulia tu. Wakaambiwa wajifikirie wamesimama ng'ambo ya pili wakiangalia walikotoka. Sasa wakataja majengo yale waliyoyaacha kwanza, na kuyaacha yale waliyoyataja. Basi tatizo halikuwa macho, wala hawakuwa wameusahau mji wao. Ni nusu ya dunia iliyokuwa imetoka katika hesabu.

Gumu zaidi ni kwamba mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui. Ukimwambia "huoni kushoto," atakuapia kwamba anaona vizuri, na kwake yeye huo si uongo. Kwa hiyo kugombana naye hakufai kitu. Kinachofaa ni kazi, tena kazi ya kila siku.

Kazi hiyo itafanyiwa wapi? Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ipo, na wataalamu wa mazoezi ya viungo ni wa kutafutwa bila kuchelewa. Lakini kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hadi Mbarara ni safari ya kama kilomita 60. Hakuna kibarua wa shamba awezaye kulipa nauli hiyo kila siku. Kwa hiyo sisi tunasema: hospitalini tuende tukafundishwe, lakini matibabu yenyewe yatafanyika katika nyumba zetu za udongo na mabati, na watakaoyafanya ni mke, mume, watoto na majirani. Waganga duniani hawajapata dawa moja iliyothibitishwa kuondoa hali hii. Yapo hata hivyo mambo ambayo wataalamu huwafundisha wagonjwa na jamaa zao, na mengi hayahitaji fedha.

Kwanza, tumfundishe kutafuta mpaka wa kushoto. Funga kitambaa chekundu kwenye mwimo wa kushoto wa mlango, na kingine upande wa kushoto wa meza au mkeka anaolia chakula. Kabla ya kila jambo ageuze kichwa mpaka akione chekundu, ndipo aanze. Chagueni neno moja fupi, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali au lugha yoyote ya nyumba hiyo, na wote walitumie hilo hilo. Baadaye alitamke mwenyewe bila kukumbushwa.

Pili, chakula. Sahani ikirudi nusu, usimwongezee wala usimkaripie. Mwambie atafute ukingo wa kushoto wa sahani kwa kidole. Ikishindikana, izungushe sahani. Akishiba kwa kutafuta mwenyewe, amefanya zoezi.

Tatu, mkono wa kushoto usiachwe kama mzigo. Aushike kwa mkono wa kulia, ausugue, auweke mezani mbele yake anapokula au kuzungumza. Kama unaweza kujongea hata kidogo, ujongezwe mara nyingi kwa siku, maana kuutumia mkono huo kunauvuta ubongo kuelekea upande wake. Wakati wa kuvaa aanze na mkono wa kushoto. Lakini tahadhari: asiinuliwe kwa kuvutwa mkono huo, bega linaumia vibaya.

Nne, mazungumzo. Siku za mwanzo msogelee upande anaouona, usije ukamshtua. Kisha siku baada ya siku jongea kushoto, kaa hapo, ongea naye, mshike mkono. Wageni wakija wapewe kiti cha kushoto. Majirani waelezwe sababu, wasije wakasema mzee ameanza dharau.

Tano, tutenganishe vitu vya kuokoa maisha na vitu vya mazoezi. Maji ya kunywa, fimbo, dawa za presha na kitu cha kugonga akitaka msaada viwe upande wake wa kulia. Redio, kikombe cha chai na vitu vingine visivyo na hatari viwekwe kidogo kidogo kushoto, ili avitafute.

Sita, kusoma. Kiswahili husomwa kutoka kushoto, kwa hiyo mgonjwa huanzia katikati ya mstari na maneno hayamwingii akilini. Apige mstari mwekundu pembeni kushoto mwa ukurasa, na kidole kirudi hapo kila mstari. Ndugu zetu wa Kisomali wanaosoma Kurani watakuta kinyume chake: kwa kuwa Kiarabu huanzia kulia, ni miisho ya mistari itakayopotea. Dawa ni ile ile, kidole kifike mwisho kabisa.

Saba, hatari. Mkono usiohesabiwa huungua bila mwenyewe kushtuka, kwa hiyo asipike peke yake, na jiko lisikae kushoto kwake. Asishike panga, asiendeshe baiskeli wala bodaboda mpaka mtaalamu amruhusu. Barabarani tuwe waangalifu zaidi. Hapa Uganda magari hupita kushoto mwa barabara. Mwenye kuvuka hukutana kwanza na yanayotoka kulia, ambayo mgonjwa wetu anayaona. Akishafika katikati, yanayokuja yanatoka kushoto, na hapo ndipo anapoweza kugongwa. Asivuke bila mtu, na mtu huyo atembee kushoto kwake.

Haya yafanyike kwa muda mfupi mfupi, mara kadhaa kwa siku, maana mgonjwa wa kiharusi huchoka upesi. Na anayemtunza naye huchoka. Tumeona nyumba ambamo mama mmoja anamwogesha mumewe, analima, anateka maji na kulea watoto. Majirani wakigawana zamu, hata saa moja kila mtu, mama huyo atapumua. Kule Nakivale watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na mataifa mengine wamejifunza kuishi pamoja tangu makazi hayo yalipoanza kupokea wakimbizi wa Rwanda kwenye miaka ya 1950 na 1960. Zamu ya kumtunza mgonjwa haiwezi kuwashinda.

Lakini jirani pekee hatoshi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba. Ubongo haujui kalenda hiyo. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye nafuu kubwa kwa wengi, na wengine huendelea kupata nafuu hata baadaye. Maana yake ni kwamba mfanyakazi anaweza kufukuzwa katikati ya wakati ule ule ambao mazoezi yanamfaa zaidi, na nyumba yake kukosa posho wakati inapofanya kazi ya hospitali.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. La kwanza, mikataba ya pamoja tunayojadiliana na waajiri itoe muda mrefu zaidi kwa mwenye kiharusi kuliko miezi hiyo miwili. Sheria huweka kiwango cha chini, na hakuna kinachotuzuia kupata zaidi ya hapo. La pili, mfanyakazi asihukumiwe kwa uzembe kabla mganga hajampima. Aliyeharibu kazi ya upande mmoja tu, siku zote upande ule ule, ni wa kupelekwa hospitali, si wa kupelekwa ofisini kwa barua ya onyo. La tatu, kila mfanyakazi ahakikishe michango yake ya NSSF inapelekwa: asilimia 5 kutoka mshahara wake na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 wajibu huo ni wa waajiri wote, wakubwa kwa wadogo. Asiyeweza tena kufanya kazi kwa ajili ya ugonjwa ana haki ya kudai malipo ya ulemavu katika mfuko huo.

Mkimbizi naye asijione hayumo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtambua kuwa na haki ya kufanya kazi, na akiisha kuwa mfanyakazi, ni mwenzetu.

Wawakilishi wa matawi, wiki hii ulizeni ni nani kati ya wanachama wenu yuko nyumbani kwa kiharusi. Mtembeleeni. Mkifika, kaeni kushoto kwake.