Tanabata: Sikukuu Iliyopokonywa Nyota Zake

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hutajwa mno katika mijadala ya utamaduni, lakini ni nadra wanaoitaja kusaili jambo moja la msingi: mila yenyewe ni ipi? Je, ni tarehe, ni pambo, au ni maana iliyozaa tarehe na pambo hilo? Sikukuu ya Kijapani iitwayo Tanabata inatoa jibu ambalo mwanafunzi wa lugha na fasihi hapaswi kulipuuza.

Kiini cha Tanabata ni ngano yenye asili ya Uchina. Orihime, binti mfumaji wa mbinguni, alipendana na Hikoboshi, mchunga ng'ombe. Mahaba yakawasahaulisha kazi. Kitanda cha mfumi kikanyamaza, ng'ombe wakazagaa. Baba wa binti akawatenga kwa mto wa mbinguni, akawaruhusu kukutana usiku mmoja tu kwa mwaka, yaani siku ya saba ya mwezi wa saba. Wapenzi hao ni nyota halisi, Vega na Altair, nao mto ni ule utepe mweupe wa nyota unaokata anga.

Ngano hii ilipofika Japani ilizaa fasihi. Diwani kongwe ya Man'yoshu, iliyokusanywa katika karne ya 8, ina mashairi yapatayo 130 kuihusu. Wakuu wa kasri waliandika mashairi kwenye majani ya mforosadi. Katika enzi ya Edo (1603–1868) desturi ikawafikia raia. Watoto walikinga umande wa majani ya magimbi, wakasagia wino kwa umande huo, kisha wakaandika dua zao kwenye vikaratasi virefu viitwavyo tanzaku na kuvitundika kwenye matawi ya mwanzi. Waliomba nini? Hawakuomba mali kwanza, bali ustadi: mkono mzuri wa kuandika, wepesi wa kushona. Kwa hakika, hii ilikuwa sikukuu ya wanagenzi.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1873. Serikali ya Meiji iliiacha kalenda iliyofuata mwandamo wa mwezi, ikaanza kutumia kalenda ya jua ya Kimagharibi. Mwaka uo huo ilizifuta rasmi sikukuu tano za misimu, Tanabata ikiwemo. Raia hawakuiacha, lakini wengi waliihamishia tarehe 7 Julai. Hapo ndipo penye tatizo. Kwa hesabu ya kale, siku hiyo huangukia aghalabu mwezi wa Agosti, mvua zikiwa zimekwisha. Aidha, mwezi wenye umri wa siku saba hutua yapata usiku wa manane, ukaziachia nyota giza lake. Tarehe 7 Julai, kinyume chake, sehemu kubwa ya Japani huwa bado imo katika majira ya mvua. Watoto hutundika dua zao chini ya mawingu.

Wapo wanaodai kuwa tarehe hiyo, baada ya takribani karne moja na nusu, nayo imekuwa mila. Dai hili lina uzito, maana hakuna utamaduni usiobadilika. Hata hivyo, mabadiliko haya hayakutokana na watu kuichoka mbingu. Yalitokana na amri ya ofisini. Kwa lugha ya wanaisimu, kiashiria kimebaki, kiashiriwa kimetoweka. Namba saba mbili zipo, nyota mbili hazipo.

Mji wa Sendai umechagua njia nyingine. Huko Tanabata huadhimishwa tarehe 6 hadi 8 Agosti, na mapambo yake saba yangali yanasema. Mikia mirefu ya karatasi ni nyuzi za Orihime; wavu ni ombi la samaki tele; kikapu kinachopokea mabaki ya karatasi hufunza usafi na kutotapanya mali. Naam, sikukuu hiyo pia ni soko, na wafanyabiashara huvuna kwayo. Lakini ni wafanyabiashara hao hao waliosimamisha mianzi 52 iliyopambwa mwaka wa 1946, mji ukiwa bado na majivu ya mabomu ya 1945. Fauka ya hayo, tangu 2001 Taasisi ya Taifa ya Unajimu ya Japani imekuwa ikitangaza tarehe ya Tanabata ya jadi kwa kuufuata mwezi.

Mswahili anayeujua mfungo mosi kwa mwezi kuandama hahitaji kufafanuliwa zaidi: kuna siku ambazo husomwa angani kabla ya kusomwa ukutani. Shule za Japani na ziendelee na 7 Julai kama zipendavyo, ila watoto wafunzwe pia usiku ambao ngano yao iliuchagua. Hali kadhalika, kila anayejitwika jukumu la kuhifadhi mila, popote alipo, aanze kwa kuuliza mila hiyo ilikuwa ikitazama nini. Tanzaku huandikwa kwa ajili ya nyota. Haki yake ni kutundikwa usiku ambao nyota zinaonekana.